Ziwa limechafuka, nikaandika ni chafu

BARUA

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni binti wa miaka 27, mzaliwa wa Ukerewe, naishi Kirumba hapa Mwanza. Nina stashahada ya uhasibu na huu ni mwaka wangu wa pili kwenye ofisi ndogo ya mzee mmoja anayenunua dagaa, kayabo (samaki wa chumvi) na mabondo (vifuko vya hewa vya sangara) hapo mwaloni, kwenye soko la samaki la ufukweni, na kuuza nje ya nchi. Niliajiriwa kwa ajili ya mahesabu, lakini kwa kuwa ofisini hakuna mwingine anayeandika Kiingereza, barua zote za wateja zinaniangukia mimi.

Shida yangu si sarufi. Nyakati, umoja na wingi, hayo nayamudu. Shida ni kuchagua neno. Nikitafuta neno moja la Kiswahili kwenye kamusi napewa matano ya Kiingereza, yamepangana kama abiria wanaosubiri feri, yote eti yana maana moja. Nachagua moja, na mara nyingi silo.

Mwezi wa tatu palivuma upepo siku nne mfululizo. Ziwa likachafuka, mitumbwi haikutoka, mzigo wa dagaa ukachelewa. Bosi akaniambia nimweleze mteja. Nikaandika kwamba “the lake was very dirty”, kwa hiyo wavuvi hawakuingia. Mwalimu, yule mteja alijibu siku hiyohiyo akitaka cheti cha maabara cha kupima maji, tena akauliza kama dagaa tuliokwisha kumtumia nao walitoka kwenye maji hayo machafu. Ilituchukua karibu wiki tatu kumtuliza, na sidhani kama hadi leo ameelewa ni nini kilitokea.

Hilo halijapoa, likaja la pesa. Amebakiza dola 1,840. Bosi akasema, “Mwambie tunamdai.” Nikaandika, “We demand 1,840 dollars.” Akakaa kimya siku sita, halafu akamwandikia bosi moja kwa moja, mimi akanipita, kwamba tangu aanze biashara hajaandikiwa namna hiyo na watu ambao amekuwa akiwalipa kila mara. Bosi alinisomea barua hiyo mbele ya wapakiaji. Sikuwa na la kujibu kwa sababu kosa lenyewe sikuliona. Si tunamdai kweli?

La tatu ni mteja mpya aliyeulizia sangara wabichi. Nilimwandikia kwamba samaki wetu ni “raw and very cheap”. Huyo hakujibu kabisa.

Sekondari tulikuwa tukiambiwa ukikuta maneno mawili yanafanana chukua lile refu, ndilo lenye maksi. Kwa hiyo mimi huandika “commence”, “purchase”, “reside”. Mdogo wangu anayesoma shule ya mchepuo wa Kiingereza anasema barua zangu zinasomeka kama hati ya mahakama, na hucheka. Mpwa wa bosi kaniambia niache kuandika, niweke Kiswahili kwenye programu ya kutafsiri ya kwenye simu na kunakili kinachotoka. Bosi naye anafikiria kumpa kazi hiyo mtu mwingine. Kwa sasa hata salamu tu ya Kiingereza naiandika mkono ukitetemeka.

Ijumaa natakiwa nimwandikie tena yule mteja kuhusu dola zile 1,840. Mtu anajuaje neno lipi ni lipi, ikiwa kamusi yenyewe inasema yote ni sawa? Na bosi nimwambie nini?

Binti wa Mwaloni, Kirumba


JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimekaa nayo siku mbili. Nimefundisha Kiingereza miaka mingi kandokando ya ziwa hili, na humo ndani nimeiona kazi ya mikono yetu. Ni sisi tuliochora mstari katikati ya ubao, Kiswahili kushoto, Kiingereza kulia, neno kwa neno: chafu, “dirty”, dai, “demand”, mbichi, “raw”. Mkakariri, mkafaulu. Mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza na kukuta masomo yamegeuka Kiingereza, ule mstari ndio mtumbwi pekee aliopewa. Hatukuwaambia kwamba unavuja. Kwa hilo nakuomba radhi, maana katika sentensi zako zote tatu hakuna hata moja yenye kosa la sarufi. Zimenyooka, na ndiyo sababu mteja aliamini kila ulichoandika.

Tuanze na ziwa. Mvuvi wa kwenu Ukerewe akisema kumechafuka, hakuna anayefikiria takataka. Anatazama mawimbi na rangi ya mawingu, kisha anauvuta mtumbwi nchi kavu. Kwetu hali ya hewa huchafuka, bahari huchafuka, hata tumbo huchafuka. Kitu kilichokuwa kimetulia kimetibuka, basi. Kiingereza kazi hiyo wamewagawia watu mbalimbali. Nguo yenye madoa ni “dirty”. Maji yenye tope ni “muddy”. Maji yaliyoingiwa na taka za viwandani ni “polluted”. Na maji yenye mawimbi ni “rough”, neno lilelile wanalotumia kwa ubao usiopigwa randa, kwa gunia linalokwaruza ngozi na kwa barabara yenye mashimo. Mwingereza akitazama mawimbi anaona uso wa maji umekwaruzika; sisi tunaona maji yametibuliwa. Wote mmetazama ziwa moja, ila kila mmoja alishika upande wake. “The lake was rough” ingemaliza yote.

Sasa jiweke mahali pa mteja. Yuko mbali, ziwa letu hajaliona, ananunua chakula cha kuwauzia watu wale. Anaambiwa ziwa lilikuwa chafu mno hata wavuvi wenyewe wakaogopa kuingia. Ningekuwa yeye, cheti cha maabara ningekitaka mimi pia. Hakukudharau hata kidogo.

Umeuliza mtu anajuaje. Unajua tayari, mwanangu, ila unajua kwa Kiswahili. Sangara akielea juu ya maji unasema amekufa. Jirani yako wa Kirumba akipatwa na hilo unasema amefariki, na akiwa mtu mzima mliyemheshimu mtaa mzima utasema ametutoka. Umewahi kumwambia mtu kwamba sangara amefariki? Ng'ombe ana mimba, mke wa bosi ni mjamzito. Shati ni kuukuu, gari ni chakavu, babu ni mzee, na ukiyachanganya hayo nyumbani kwenu huli chakula cha jioni. Wali unanukia, dagaa walionyeshewa mvua wananuka, na kati ya nukia na nuka pana herufi moja tu. Hayo yote hukuyatoa kwenye kamusi. Uliyasikia maelfu ya mara, kila neno likiwa na watu wake, mahali pake na vitu linavyotembea navyo. Maneno ya Kiingereza nayo yana majirani vivyo hivyo. Ulichokosa ni kuonyeshwa ujirani wao; uliletewa majina tu kwenye orodha.

Tena kuna mahali sisi tuna wingi na wao hawana. Shambani ni mpunga, gunia likitoka mashineni ni mchele, sahanini ni wali. Mwingereza wa kawaida ana “rice” moja kwa yote matatu. Mjomba na baba mdogo kwake wote ni “uncle”. Anapojifunza Kiswahili anataabika vilevile unavyotaabika wewe, na nimewaona wageni wazima hapa mjini wakiomba sahani ya mpunga.

Nije kwenye lile lililokuumiza zaidi. Kwa Kiswahili cha mwaloni, kudai ni hesabu. “Namdai fulani laki mbili” ni maneno ya mtu aliyefungua daftari. Hayana hasira, na mdaiwa mwenyewe anaweza kuwa ameketi hapo mkaendelea kunywa chai. “Demand” haijaketi. Imesimama, mkono uko mezani. Wanaoitumia ni wafanyakazi walioamua kugoma, ni mtekaji anayetaka fedha ndipo amwachie mtu, ni wakili: ile barua ya mwisho ambayo wakili humtumia mtu kabla hajamfikisha mahakamani, kwa Kiingereza inaitwa “demand letter”. Ndani ya neno hilo mna tishio la kwamba usipotimiza kuna kitakachokukuta. Mteja alisoma tishio. Wewe ulikuwa umefungua daftari tu.

Hata “you owe us”, ambayo kwa maana ndiyo tunakudai hasa, kwa mteja mwema ni kali. Waandishi wa barua za biashara kwa Kiingereza wana desturi moja nzuri: mtu humwondoa kwenye sentensi, wakaiacha pesa peke yake. Hawasemi wewe unadaiwa. Wanasema salio ni kiasi fulani, “the balance is 1,840 dollars”. Salio halina sura wala jina, hakuna wa kukasirika.

Hapo pia ujihadhari usije ukateleza upande wa pili. Sisi tunaomba kila kitu. Naomba maji, naomba kupita, naomba chenji yangu, hata dukani pesa tukiwa nazo mkononi tunaomba sukari. Ukilikimbiza hilo kwenye kamusi unaweza kutoka na “beg”, na “beg” ni kuomba kwa ombaomba au kwa mtu aliyepiga magoti. “Ask” ni ya kila siku, “request” ni ya karatasi. Lakini adabu ya naomba yetu, kwa Kiingereza haikai kwenye kitenzi. Inakaa kwenye umbo la sentensi, katika “could you” na “please”. Mteja umwandikie hivi: “Could you please let us know when we can expect the balance?” Hapo umeuliza siku, hukukamata mtu shati.

Kuhusu maneno marefu, mdogo wako kasema kweli ingawa hakupaswa kucheka. Maneno hayo yana historia, na ukiijua hutayachukia wala hutayaabudu. Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy iliyoko Ufaransa, alivuka bahari na jeshi akaishinda Uingereza. Kwa vizazi vingi baada ya hapo wakubwa waliongea Kifaransa, na wakulima wakabaki na Kiingereza chao. Aliyemchunga mnyama alimwita “cow”. Aliyeletewa nyama yake mezani aliiita “beef”. Mahakamani nako Kifaransa kilitawala, na mwaka 1362 sheria ikaagiza kesi ziendeshwe kwa Kiingereza kwa sababu watu hawakuelewa yaliyokuwa yakisemwa juu yao wenyewe. Jambo hilo lisikushangaze. Sisi ni juzi tu, mwaka 2021, sheria yetu ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Lugha ya wakubwa ilipoondoka Uingereza, maneno yake mengi hayakuondoka nayo. Ndiyo maana “buy” ina mwenzake “purchase”, “begin” ina “commence”, “live” ina “reside”. Fupi ni la jikoni, refu ni la barazani kwa hakimu.

Nasi tumepitia njia hiyohiyo. Kufa ni neno letu la Kibantu, kufariki tumelitoa Kiarabu ambako mzizi wake ni kutengana, na lile lililokuja na wageni ndilo tulilolipa kazi ya heshima.

Kwa hiyo anayekuambia neno refu lina maksi amekupa nusu ya habari. Refu ni sahihi likiwa ndilo jina la kitu: hati ya kuagizia mali inaitwa “purchase order”, liache hivyohivyo. Ukimwambia mteja mzigo utaanza safari Jumatatu, “start” inatosha kabisa. Ukimwandikia “commence” ni kama mama ntilie wa mwaloni aseme, “Ndugu mteja, zoezi la kukupakulia ugali linatarajiwa kuanza.”

Sasa samaki, maana hapo ndipo riziki yako ilipo, nami napapenda.

Mbichi yetu ina watoto wengi. Embe bichi halijaiva, kuni mbichi hazijakauka, nyama mbichi haijapikwa, na samaki mbichi wa sokoni ni yule ambaye hajakaushwa wala kuwekwa chumvi, aliyetoka ziwani karibuni. Kwa Kiingereza embe ni “unripe”, nyama ambayo haijaona moto ni “raw”, samaki wako ni “fresh”. Sangara aliyelala siku nne juani bado ni “raw” ilimradi hajapikwa. Kwa hiyo ulimwambia yule mteja mpya jambo la kweli lisilomvutia mtu yeyote. Tena kwa biashara ya sangara kuna neno la pili la kuwa nalo mkononi. Samaki aliyefunikwa barafu bila kugandishwa ni “chilled”, aliyegandishwa akawa jiwe ni “frozen”. Hizo ni bidhaa mbili na bei mbili. Ukilikosea hilo, hasara haitakuwa ya aibu peke yake.

Kayabo ni “salted”, yaani ametiwa chumvi kwa makusudi. Ukiandika “salty” umesema chumvi imezidi, na hilo ni lalamiko la mlaji, si sifa ya muuzaji. Dagaa wa kwenye vichanja ni “dried”, waliokaushwa. Ukitaka kutaja jua, “sun-dried”. “Dry” peke yake inaeleza hali ya sasa hivi, kama nguo iliyokwisha kukauka kambani. Jina lenyewe la dagaa usilitafsiri. Kenya wanamwita omena, Uganda mukene, na “sardine” ambayo kamusi hupenda kuitoa ni samaki wa baharini, si huyu wetu. Andika “dagaa”, mara ya kwanza eleza kwa maneno machache kwamba ni samaki mdogo wa rangi ya fedha wa Ziwa Victoria, halafu endelea naye kwa jina lake. Neno la kwetu likibeba kitu cha kwetu hakuna haja ya kuliazimia nguo.

Kwa mabondo, kamusi inaweza kukupeleka kwenye “bladder”, na hilo likiwa peke yake msomaji ataona kibofu cha mkojo. Wataalamu wa samaki husema “swim bladder”, kiungo kinachomsaidia samaki kuelea. Wanunuzi lakini wanasema “fish maw”. Hiyo “maw” ni neno la kale la tumbo la mnyama. Kwenye mazungumzo ya kawaida ni nadra kulisikia, ila katika biashara yenu liko hai na lina bei. Hapo neno gumu ndilo sahihi, kwa sababu wenye biashara hiyo ndivyo wanavyoitana nalo.

Na harufu. Kiingereza hakina jozi ya karibu kama nukia na nuka. Kina “smell” inayosimama katikati, lakini ukiiacha peke yake inaegemea ubaya. “It smells” maana yake inanuka. Kwenye karatasi za ukaguzi utakuta “odour”, nawe itumie palepale. Kamwe usiwasifu samaki wako kwamba ni “fishy”. Neno hilo limehama. Siku hizi likitajwa kwenye biashara, mtu anafikiria hila.

Kuhusu “cheap” nitasema kidogo tu kwa sababu nadhani umeshahisi. Inataja bei na papo hapo inakipaka kitu matope. Mmachinga wa Makoroboi anakuitia bei poa, haiti shati lake hafifu. Sema “reasonable prices” au “low prices”. “Cheap” mwache mteja aiseme mwenyewe akifurahi.

Utakayokutana nayo kesho na keshokutwa: mzigo wa msafiri ni “luggage”, wa melini ni “cargo”, ule unaomtumia mteja ni “shipment” au “consignment”, na “burden” ni mzigo unaomlemea mtu moyoni au mabegani. Mzigo ukichelewa ni “delayed”. “Late” nayo inafaa, ila angalia isikae mbele ya cheo wala jina la mtu, kwani “our late manager” ni marehemu meneja wetu.

Sasa nikwambie ninavyofanya mimi hadi leo ninapokwama, kwa sababu hukwama.

Sitafuti neno, natafuta sentensi. Kamusi nzuri zile za wanaojifunza lugha huweka mifano chini ya kila neno. Soma mifano kwanza, maana baadaye. Ukiona “rough” inafuatana na “sea”, “road”, “hands”, umekwisha kuwajua jamaa zake. Ukiona “demand” inafuatana na “ransom” na “resignation”, unakimbia mwenyewe bila kufukuzwa. Kisha lirudishe neno nyumbani: tafuta upande wa Kiingereza kwenda Kiswahili uone linarudi likiwa nani. Ungelirudisha “dirty”, lingekuja na nguo, mikono na sahani. Hata siku moja lisingekuja na mawimbi. Hiyo ni kazi ya dakika mbili na ingekuokolea wiki tatu.

Lakini kamusi iliyo bora kuliko zote unayo ofisini. Ni barua ambazo mteja huyo amewaandikia tangu mlipoanza naye. Mwombe bosi jalada lote. Tazama yeye mzigo anauitaje, salio analiitaje, akichelewa kulipa anasemaje, akiwa na haraka anaombaje. Chukua daftari, nakili sentensi zake nzimanzima, na ukimjibu mrudishie maneno yake. Akisema “shipment”, nawe sema “shipment”. Mtu akiandikiwa kwa maneno yake mwenyewe huona ameeleweka.

Programu ya simu siipigi vita. Itumie, ila usinakili kwa macho yaliyofumba. Neno moja moja usiipe, maana haina namna ya kujua unazungumzia ziwa au shati. Ipe sentensi nzima yenye upepo na mitumbwi ndani yake. Kinachotoka ukigeuze tena kwa Kiswahili usome. Kikirudi kinazungumzia takataka, hukuelewana nacho. Mpwa wa bosi anasema nakili tu, na kwa hilo nampinga waziwazi: barua inakwenda na jina la ofisi yenu, na mteja akikasirika hataipigia simu programu.

Kwa Ijumaa, barua iwe fupi. Anza kwa kumshukuru kwa uvumilivu. Mwombe radhi kwa neno moja lililotumika vibaya katika barua iliyopita, useme ulitaka tu kumpa hesabu iliyo kwenye vitabu. Usijieleze zaidi ya sentensi hiyo. Taja salio na mzigo linaouhusu. Kisha lile swali la “could you please”. Mwisho kabisa, mrudishe ziwani: mwambie kwamba mwezi wa tatu ulikusudia “rough”, mawimbi yalikuwa makubwa na mitumbwi haikuweza kutoka, maji yenyewe hayakuwa na tatizo. Usiliruke hilo ukadhani limepita. Huyo mtu bado ana picha ya ziwa chafu kichwani, na kila akifungua gunia la dagaa wenu anainusa.

Bosi wako mwone kabla ya Ijumaa, mkiwa wawili. Mwonyeshe neno lake, tunamdai, na lile uliloandika, umweleze uzito wa kila moja. Ni mtu wa mizani, ataelewa kuliko unavyotegemea. Mwambie pia, kwa heshima yote, kwamba barua ikija tena na malalamiko akuitie ndani, asikusomee mbele ya wapakiaji. Una haki ya kulisema hilo, na kwa Kiswahili huhitaji mtu akuchagulie maneno.

Alhamisi jioni barua ikiwa tayari, msomee mdogo wako kwa sauti. Akicheka mahali, tia alama hapo na umuulize yeye angesemaje.